Nilivyochomoa Waya wa Doña Vige

Doña Vige, yaani Bibi Vige, ana miaka sabini na mbili na hajawahi kupanda ndege. Alizaliwa hapa hapa kitongojini kwetu, milimani Jayuya, katikati ya kisiwa, akaolewa nyumba ya tatu kutoka alikozaliwa, na kwa miaka ishirini na miwili alishona vishikizo vya sidiria kwenye kiwanda cha pale mjini, mpaka wenye kiwanda walipobeba mashine zao wakaenda kutafuta watu wa mshahara mdogo zaidi. Yeye husema amewafunga vifua wanawake wa Marekani nzima na hakuna hata mmoja aliyemwandikia barua ya shukrani. Akishasema hivyo hucheka mpaka anashika ukuta.

Kiwanda kilipofungwa akageukia pasteles. Kila mwaka kuanzia Novemba varanda yake hujaa ndizi mbichi, magimbi na majani ya mgomba aliyoyababua motoni ili yalainike. Anakuna kwa mkono, kwa sababu anadai mashine inaua ladha. Anatandaza lile rojo kwenye jani, anaweka nyama ya nguruwe katikati, anakunja, anafunga mbili mbili kwa uzi, anatia kwenye friza. Mkesha wa Krismasi watu wanapanda hata kutoka Ponce, mji wa pwani, kuja kuchukua zao na kulipa. Kwetu mkesha usio na pasteles si mkesha, ni siku ya kazi tu.

Nimejaribu kumwandika Doña Vige mara nne, na kila mara naishia kujiandika mimi. Basi na iwe hivyo. Naitwa Hipólito, watu wananiita Polo. Nilikuwa fundi wa nguzo wa kampuni ya umeme kwa miaka thelathini na mmoja, na nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ukuta unaonifika kiunoni.

Kile kimbunga kikubwa kilipopita, mlima wetu ulikaa gizani miezi minane. Mke wangu Nilsa alikuwa mgonjwa wa mapafu, hawezi kulala bila mashine ya kumsaidia kupumua. Sisi hatukuwa na jenereta. Fundi wa nguzo asiye na jenereta nyumbani kwake! Nilikuwa nimejiamini mno. Doña Vige alikuwa nayo ndogo, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Sasa, kwetu nyumba yenye umeme huvusha waya kwenda kwa isiyo nao. Mwenye shida haombi, mwenye umeme hangoji kuombwa. Siku ya pili tu niliona waya wa rangi ya chungwa umelala juu ya ukuta.

"Chomeka mashine ya Nilsa," akasema.

"Na friza yako?"

"Friza haina mapafu. Chomeka, bwana, unanipotezea petroli."

Mwaka ule hakuuza pasteles hata moja, petroli yote iliishia kifuani mwa mke wangu. Nilsa aliishi miezi mitano zaidi, akafa kitandani kwake, mkono wake mmoja nimeshika mimi na wa pili ameshika Doña Vige. Namna hiyo ya fadhila hailipiki, na mimi nilijua hivyo tangu siku ile. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilisahau. Sikusahau hata dakika moja, ndiyo maana nina aibu.

Pesa za bima ya Nilsa nilinunulia paneli za sola na betri. Siku mafundi walipomaliza kuifunga betri ukutani, mimi mwenyewe nilivusha waya kuelekea upande wa pili, na friza ya Doña Vige ikahamia kwenye soketi ya varanda yangu kwa kudumu.

"Friza yako ni friza yangu," nikamwambia. "Umeme ukikatika wewe lala usingizi."

"Wee Polo, usiniahidi kama mwanasiasa."

"Nakuahidi kama fundi."

Kisha ukaja ule mpango wa kuuza umeme. Kisiwa chetu jioni hupungukiwa: watu wanarudi kazini, wanapika, wanawasha viyoyozi, na mitambo inazidiwa. Basi siku za upungufu kampuni inaomba umeme kwenye betri za majumbani, zote kwa pamoja, na kila mwenye betri analipwa kwa alichotoa, zaidi ya dola moja kwa kila yuniti. Mchana unapata ujumbe kwenye simu: leo jioni, saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Hutaki, unakataa, hakuna anayekuuliza. Ukitaka, unaweka akiba, yaani kiasi ambacho hawaruhusiwi kugusa. Mimi niliweka asilimia hamsini. Nusu ya gridi, nusu ya nyumba yangu na friza ya jirani. Kwa kweli niliufurahia mpango ule. Nilikuwa nimestaafu, magoti yamekwisha, na jioni nikiona taa za bondeni zinawaka nilikuwa najiambia kuna waya mmoja pale nimeushika bado.

Tatizo lilianzia kwenye dhumna.

Tunacheza dukani kwa Cheo kila mchana. Cheo ana mdomo ambao Mungu alipaswa kuugawa kwa watu watatu. Naye alikuwa na betri, na wengine wawili wa meza yetu vilevile, na tangu mpango uanze hatukuzungumza kingine. Zamani wanaume walishindana majogoo, sisi tukawa tunashindana nani ametoa umeme mwingi zaidi. Ilikuwa Jumamosi, Desemba tarehe kumi na tatu, mvua ya siku ya tatu inapiga bati, na simu zetu zote nne zililia pamoja na ujumbe wa jioni ile.

"Polo, wewe unatoa ngapi leo?" Cheo akauliza huku akipanga mawe yake.

"Nusu, kama kawaida."

"Nusu! Jamani, mwanamume kapanda nguzo miaka thelathini anaogopa giza! Hebu mpeni mshumaa, duka langu linamzawadia."

"Nina friza ya watu mle."

"Friza ya watu, au mchumba wa watu?"

Wakaangua kicheko. Ile ya mchumba haikuniuma, nimetaniwa hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ujane. Kilichoniuma kilifuata.

"Mimi akiba yangu asilimia tano," Cheo akasema, akagonga jiwe mezani. "Hii gridi mimi naibeba mgongoni, mwenzetu fundi anaibeba kwa kidole cha mwisho. Kumbe hata kwenye zile nguzo alikuwa anawashikia wenzake ngazi tu."

Cheo ana jenereta kubwa nyuma ya duka. Hilo hakulisema, na mimi sikulikumbuka, au niseme sikutaka kulikumbuka. Nilitoa simu nikaishusha akiba kutoka hamsini mpaka tano, nikaigeuza simu ili wote waone. Wakanipigia makofi. Mzee wa miaka sabini, babu mzima, nikavimba kifua kwa makofi ya watu watatu.

Jioni ile nilikaa sebuleni kwa sababu kulikuwa na ngumi. Kijana wetu mmoja alikuwa anapigania mkanda, na kisiwa kizima kilikuwa mbele ya televisheni. Betri ilitoa, ikatoa, na kabla ya saa tatu ikafika tano ikasimama. Pambano lilikuwa ndiyo limeanza, raundi ya pili. Katikati ya raundi ya tatu taa zikapepesa: pamoja na sisi wote kusaidia, gridi imeanguka. Nyumba yangu ikahamia kwenye betri. Nikatazama simu. Kwa matumizi yale, ilisema, nimebakiwa na dakika ishirini na tano. Raundi zilizobaki zilikuwa tisa.

Fundi anajua utaratibu. Ukipungukiwa unazima kwanza kisicho na maana, na cha maana unakiacha mwisho. Nilizima taa ya jikoni. Nilizima feni. Nikasimama mbele ya televisheni, nikaitazama, nikaipita. Nikatoka varandani na kuchomoa waya wa Doña Vige.

Nilijipa sababu tatu. Friza iliyojaa ikifungwa vizuri hukaa na baridi siku nzima. Umeme utarudi baada ya saa moja, kama kawaida yake. Kesho jua litatoka, paneli zitajaza. Nilizisema kwa sauti, peke yangu, pale varandani kwenye mvua, na sijui nilikuwa namwambia nani. Kisha nikarudi kwenye kiti changu. Raundi ya kumi betri ikafa, na mwisho wa pambano sikuuona.

Nataka ieleweke nilichojua usiku ule, maana si mjinga niliyefanya hivyo. Nilijua kwamba hata ile asilimia tano, nikizima kila kitu changu, pamoja na hita ya maji ambayo sikuigusa, ingeilisha friza yake peke yake mpaka asubuhi na zaidi. Nilijua pia kwamba betri ikikauka kabisa hulala, na kuiamsha kunahitaji jua la kweli au umeme wa gridi. Jua halikutoka siku tatu. Umeme nao haukurudi siku tatu.

Alfajiri niliuchomeka waya tena kwenye soketi, soketi yenyewe imekufa, kusudi tu akija aukute mahali pake. Saa moja asubuhi alikuja na vikombe viwili vya kahawa, amejitanda mfuko wa plastiki kichwani.

"Polo, friza imenyamaza."

"Kampuni, Doña Vige." Neno lilitoka bila hata kukwaruza koo. "Wamenyonya betri yote. Niliwawekea mpaka, wameuvuka."

Alinitazama. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka puani.

"Na wewe wamekuacha hivi hivi, huna hata taa?"

"Hivi hivi."

"Haya. Kunywa kahawa, itapoa."

Nikainywa.

Sasa niseme pasteles zile zilikuwa za nini. Binti yake wa pekee, Zoraida, anaishi Orlando, Marekani. Alikuwa na ujauzito wa kwanza akiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya mimba mbili kuharibika, na baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka. Hana mtu kule. Alimwomba mama yake kitu kimoja tu: awepo. Doña Vige anaogopa ndege kuliko kifo, lakini alikubali. Mwaka ule alitengeneza pasteles mara mbili ya miaka yote, na mpango ulikuwa mwepesi: mkesha wa Krismasi wateja wanalipa, tarehe ishirini na sita anaondoka. Mtoto alitarajiwa mapema Januari.

Ile jenereta yake ilikuwa imeungua tangu miezi ya kimbunga, na friza za duka la Cheo zilikuwa zimejaa. Jumapili alitafuta barafu mji mzima, hakuna. Jumatatu hali kadhalika. Jumanne asubuhi nilimwona kupitia dirishani ameinama juu ya friza, anabonyeza pasteles moja moja kwa kidole, kama anavyobonyeza maembe sokoni. Zilikuwa zimelainika zote. Hakulia. Aliwasha gesi, akateleka masufuria yake yote na mengine ya kuazima, akapiga kelele barabarani kwamba anayetaka kula aje na sahani. Ndivyo tunavyofanya friza ikifa, chakula hakiachwi kioze, kinalishwa watu. Mtaa mzima ulikula varandani kwake siku ile. Krismasi ya Doña Vige ililiwa tarehe kumi na sita Desemba kwenye sahani za karatasi.

Na mimi nilikula. Ningekataaje? Aliniletea mbili, akanifungulia jani mwenyewe. Rojo lilikuwa laini, nyama imeiva, na nilizimaliza zote mbili mbele yake.

Cheo alikuwa katikati ya watu, mdomo umejaa na maneno yanatoka hivyo hivyo.

"Hii haiwezi kuisha hivi! Mtu kaweka mpaka, wao wanauvuka, wanamwulia bibi wa watu biashara? Tunaandika barua. Tunadai. Na shahidi tunaye, fundi mzima! Nani atabishana na Polo mambo ya umeme?"

"Kweli wanaweza kulipa?" Doña Vige akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi, si Cheo.

"Tutaona," nikasema.

"Maana wakilipa kabla ya sikukuu, naweza kukata tiketi."

"Tutaona, Doña Vige."

Mwanamke mmoja akasema kwamba hata Polo naye ana makosa, kwa nini aliingia kwenye mpango ule na friza ya mtu imo. Doña Vige akamgeukia akiwa na mwiko mkononi. "Usimguse Don Polo. Amekaa gizani kama sisi wote." Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi yetu hupasuka kila mara kwa mvua, siku ile ikakaa imara.

Kesho yake Cheo alileta barua. Ilikuwa ndefu, imejaa maneno ya mahakamani, na chini kabisa kulikuwa na mstari mtupu wa saini yangu. Nikasema nitaisoma vizuri. Nikaiweka juu ya meza, nikaihamishia kabatini, nikairudisha mezani. Umeme ulikuwa umesharudi, betri imejaa, friza ya Doña Vige inanguruma tupu upande wa pili wa ukuta. Kila siku Cheo aliuliza, kila siku nilikuwa na jibu jipya: miwani imevunjika, nasubiri kukumbuka saa kamili, mtu asikurupuke na kampuni kubwa. Siku zikaenda. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliizunguka ile yangu siku tisa.

Jumatatu tarehe ishirini na mbili nilishindwa kula. Mchana nikavuka. Doña Vige alikuwa amekaa varandani na beseni la maji ya sabuni. Alikuwa anafua zile nyuzi za kufungia pasteles, moja moja, anazinyoosha kwenye magoti ili azitumie mwakani.

"Barua siwezi kutia saini," nikasema nikiwa nimesimama.

"Kwa nini?"

"Kampuni haikuvuka mpaka. Mpaka niliushusha mimi. Nilitaniwa dhumnani nikaushusha."

Aliendelea kunyoosha uzi.

"Na kuna jingine," nikasema. "Ule waya..."

"Uliuchomoa."

Nilikaa chini bila kukaribishwa, kwenye ngazi, kama mtoto.

"Mimi friza ikinyamaza nasikia hata nikiwa bafuni," akasema. "Nilitoka kuja kukuita. Nilidhani nawe umeme umekwisha, nikakuletea na tochi. Nilifika pale ukutani. Televisheni inawaka, mtangazaji anapiga kelele, na wewe umeinama mbele kwenye kiti, unarusha ngumi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite nikwambie nini, Polo? Nikuombe unichomekee? Mimi nikuombe wewe umeme?"

Niliokota uzi mmoja uliolowa, nikaurudisha kwenye beseni.

"Lakini ulinitetea mbele ya watu."

"Nilimtetea mume wa Nilsa. Wewe nilikuwa nakungoja." Akatupa uzi ndani ya beseni. "Nilisema atakuja kesho yake. Nikasema ataona watu wanakula, atashindwa. Ukala! Nikasema basi barua ikifika, hapo atakuja. Siku tisa, Polo. Siku tisa nakupikia kahawa na kukuangalia usoni."

Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa maiti inayotembea, na mwosha wangu ananipa kahawa kila asubuhi asimwambie mtu.

Nikamwambia nitanunua tiketi, leo hii hii, kwa pensheni yangu, si kwa pesa za jioni ile. Nilidhani atakataa. Hakukataa.

"Nenda kamwambie Cheo kwanza," akasema. "Sitaki aendelee kuwatukana watu kwa ajili yangu. Halafu tafuta tiketi."

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Mawe yalikuwa mezani, wote watatu wapo. Nilisema nikiwa mlangoni, nikasema yote, mpaka ile ya kula pasteles. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa utani ambao ungedumu mpaka kaburini. Nimekaa na watu wale miaka kumi na minane, wametania mazishi, wametania kibofu changu, wamemtania padri mbele yake. Siku ile wakatazama mawe yao. Afadhali wangenitemea mate.

Mwishowe Cheo alivuta kiti kwa mguu. "Kaa. Tiketi inatafutwa kwenye simu. Wewe na simu yako mnajua kushusha tu."

Hata yeye hakucheka aliposema hivyo. Tulitafuta mpaka kufunga duka. Tarehe ishirini na tatu zimejaa, ishirini na nne zimejaa, ishirini na sita, ishirini na saba, zimejaa. Kutoka San Juan, kutoka Aguadilla, kutoka Ponce. Wiki ya Krismasi kisiwa chote kinapishana na watoto wake angani. Kiti cha kwanza kilichopatikana kilikuwa cha tarehe tatu Januari. Cheo aliinua macho kwenye simu akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Wiki iliyopita vingekuwepo, sivyo?"

"Vingekuwepo," nikasema.

Doña Vige aliipokea karatasi ya tiketi niliyompelekea, akaisoma tarehe, akaikunja na kuiweka chini ya sanamu ya Bikira. "Mtoto ni wa Januari," akasema. "Mungu akipenda atanisubiri."

Hakumsubiri. Alizaliwa tarehe ishirini na nane.

Siku mbili baadaye, alasiri, nilisikia jina langu kutoka ng'ambo ya ukuta. Doña Vige alikuwa anamenya mbaazi za wali wa mwaka mpya, na simu ameiegemeza kwenye mtungi wa maua. "Polo, njoo umwone." Nikavuka nikiwa na kofia mkononi. Kwenye kioo alikuwepo Zoraida, uso umevimba, nywele zimebanwa ovyo, na kifuani kwake kitu chekundu kidogo chenye kofia ya hospitali.

Sisi watoto wetu hawasalimii wakubwa kabla ya kuomba baraka, hata wakiwa na miaka thelathini na tisa, hata wakiwa Orlando.

"Baraka, Don Polo."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Mwone! Ana kilo mbili na nusu tu, lakini sauti yake! Mama ameniambia yaliyotokea na kampuni. Watu wabaya wale. Nashukuru wewe ulikuwepo karibu naye, Don Polo. Namwambia kila siku, mama, una bahati, una jirani kama ndugu."

Niligeuka kumtazama Doña Vige. Aliinamisha kichwa juu ya bakuli, anamenya, kidole gumba kinapasua ganda baada ya ganda. Alikuwa hajamwambia. Binti yake wa kumzaa, na hata kwake alikuwa amenisitiri. Ningeweza kusema asante, mtoto mzuri, nikarudi kwangu, na yeye asingenisema milele.

Vidole vikasimama. Hakuinua kichwa, lakini vilisimama.

"Haikuwa kampuni, Zoraida," nikasema.

Nikamweleza. Safari hii ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zile mbili, maana mtoto alikuwa ananitazama, au mimi niliona hivyo. Nilisema ya dhumna, nikasema ya ngumi, nikasema ya waya. Nikasema kwamba ningefungua mdomo wiki moja mapema kiti kingepatikana. Nilipomaliza sikuomba msamaha, kwa sababu sikujua naombaje mbele ya uso ule.

Zoraida hakunitukana. Mtoto alianza kulia, akamhamishia bega la pili, akampigapiga mgongoni mpaka akatulia.

"Masaa kumi na manne, Don Polo," akasema. "Nesi alikuwa mwema lakini hajui hata lugha yangu. Masaa kumi na manne nilikuwa namwita mama."

Doña Vige alifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mkono mbele yangu, akaichukua simu. "Tarehe tatu nakuja, mwanangu," akamwambia.